Usije Kulala Kwangu

Kate, Nkasi
6 Oktoba 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Huku Kate tu wazima, ila upepo bado haujatuachia, unapeperusha hata majivu ya jikoni. Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu ya nyumba hii inakaa kwa mama mkwe. Ukipiga anaweka spika, halafu Isdori, majirani na kuku wote wanasikia. Barua nampa Beda, dereva wa basi. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Mtoto anacheza sana tumboni. Kliniki wameandika mwisho wa Novemba. Nimeshapanga: tarehe kumi na tano nakuja, nalala kwako, uchungu ukinishika tunatembea pamoja hadi wodini. Isdori amekubali. Dada, mimi sitaki mkunga mwingine. Mwaka juzi nilipojifungulia njiani, juu ya tela la trekta, na mtoto wetu akaishi saa mbili, niliapa kwamba anayefuata atapokelewa na wewe. Ulicheka nilipokuambia, lakini sikuwa natania.

Jambo jingine dogo. Zile kapsuli ulizonipa Agosti, nilipokuja kupiga picha ya tumbo, za kile kijipu cha kwapani, zilifanya kazi haraka. Siku mbili kikanywea, nikaacha kumeza. Zilizobaki nikampa mama mkwe kwa kidonda chake cha mguu. Sasa zimeisha. Niwekee nyingine kama kumi, mpe Beda. Ni za mama.

Mdogo wako,
Coleta


Sumbawanga
15 Oktoba 2024

Mdogo wangu Coleta,

Marahaba. Barua nimeipata. Nimefurahi kusikia mtoto anacheza.

Kuhusu Novemba, likizo nimekosa, kazi ni nyingi, na chumba changu kinavuja, si mahali pa kumlaza mjamzito. Nimefikiri sana. Ni bora ujifungulie Namanyere. Pale yupo Hellena, tulisoma naye chuo. Ana roho nzuri na anaijua kazi. Nimeshazungumza naye, anakusubiri.

Kapsuli sitatuma. Mama Agnesi aende zahanati wakaone hicho kidonda, wampe dozi kamili aimalize. Hata zile za Agosti nilikosea kukupa. Yalikuwa mabaki.

Lile taulo la kijani ulilolisahau kwangu nimelichoma moto. Nitakununulia jingine.

Msalimie shemeji.

Dada yako,
Scola


Kate
22 Oktoba 2024

Dada Scola,

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta ni wapi uliponiita kwa upendo. Nimekukosea nini?

Unachoma taulo langu. Unanipeleka kwa Hellena nisiyemjua. Chumba kinavuja, na mvua haijanyesha hata tone! Mama mkwe ameniona nalia akasema, "Dada yako amekuchoka. Anaona mkosi wa mwaka juzi utarudi, hataki uangukie mikononi mwake." Nilimjibu vibaya, mpaka Isdori akanikemea. Lakini maneno yale yameingia.

Halafu Jane, yule jirani yetu, alikuwa huko wiki iliyopita na mwanawe. Anasema amekukuta dirishani mapokezi unaandika kadi. Wewe, mkunga wa miaka kumi na moja, unaandika kadi! Anasema alikunyooshea mkono ukauficha wako nyuma, na kwamba umekonda.

Unaumwa, dada? Kama unaumwa niambie. Kama umenichoka niambie pia. Lakini Namanyere siendi. Tarehe kumi na tano nitashuka stendi ya Sumbawanga na begi langu, utajua mwenyewe pa kunilaza.

Coleta


Sumbawanga
29 Oktoba 2024

Coleta, mdogo wangu,

Usije kulala kwangu. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unichukie ukitaka.

Mwezi wa tisa watoto wachanga saba wa wodi yetu walitoka vipele vya usaha, siku ya tatu au ya nne baada ya kuzaliwa. Kinenani, shingoni, kando ya kitovu. Sita walipona. Wa saba alikuwa wa Kabula, msichana wa Kisukuma kutoka Kaoze kule bondeni, uzazi wake wa kwanza. Alipandishwa huku kwa sababu ya kifafa cha mimba. Nilimzalisha mimi. Nilimkata mtoto kitovu, nikamfuta, nikamfunga kanga. Siku ya nne vipele vikatokea, siku ya tano homa. Tukampa sindano za kawaida siku tatu, kwa sababu majibu ya maabara huchukua siku tatu. Yalipotoka yakasema sindano zile hazimsaidii kitu. Tukabadilisha dawa, lakini mtoto alikuwa ameshachoka. Alifariki akiwa na siku tisa.

Baada ya hapo Polikarp wa maabara akatupima watumishi wote. Kijiti cha pamba puani, kila mmoja. Tulikuwa tunataniana kwenye foleni. Tarehe kumi Oktoba akaniita, akafunga mlango.

"Dada Scola, kaa."

"Sema tu."

"Vijidudu vya mtoto wa Kabula. Wewe unavyo, puani."

Nikamwambia mimi siumwi. Akasema, "Huwezi kuumwa. Vimekaa tu. Watu wengi tunatembea na vijidudu hivi, stafilokokasi, puani bila kujua. Shida ni kwamba hivi vyako vimeshazoea dawa."

Akanionyesha sahani mbili za kuoteshea. Ndani mmepangwa vikaratasi vya duara vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa inayofanya kazi inaua vijidudu, panabaki pete safi. Kwenye zile sahani vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karibu kila karatasi. Viwili tu ndivyo vilivyokuwa na pete. Sahani ya mtoto na sahani yangu, Coleta, ungezipishanisha usingejua ipi ni ya nani.

Wanasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni mimi niliyempa. Wanasema si kosa, na hawajaniadhibu, wameniondoa tu wodini. Nimepaka dawa ya puani siku tano, nimeoga kwa sabuni ya hospitali, nimepimwa tena. Bado vimo. Nimerudia. Nasubiri.

Kabula hajui. Habari ya sindano zisizofaa niliijua tangu siku ile alipofiwa, lakini niliambiwa nisubiri, familia itaelezwa na ofisi. Sijui kama ilielezwa. Aliondoka amempakata mtoto kwenye kanga ileile, na akanishukuru. Alinishukuru, Coleta. "Asante, nesi, umehangaika sana." Nikaitikia.

Ndiyo maana nilichoma taulo. Ndiyo maana sitoi mkono. Na ndiyo maana sitakuwa karibu na mtoto wako. Sijakuchoka. Nakuogopea.

Nenda Namanyere.

Scola


Sumbawanga
12 Novemba 2024

Coleta,

Beda anasema barua alikukabidhi wewe mwenyewe, na kwamba uliisomea palepale kando ya basi, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga. Wiki mbili sasa.

Sikuombi unisamehe. Niandikie tu kwamba u mzima na utajifungulia wapi. Nimempigia mama Agnesi mara mbili. Ananiambia umelala. Mchana saa nane umelala? Wewe hukuwahi kulala mchana hata ukiwa mtoto.

Kama kuna homa, niambie. Kama kuna chochote, niambie.

Scola


Kate
16 Novemba 2024

Dada,

Nisamehe kwa kunyamaza. Mkono wa kulia hauinuki vizuri, na hata mkono ungeinuka, maneno hayakuwepo.

Zile kapsuli hazikuwa za mama mkwe. Za kwanza alimeza yeye, kweli, lakini zile nilizokuomba Oktoba zilikuwa zangu. Jipu la kwapani lilirudi. Sasa ni matatu, moja limeshuka ubavuni, linauma mpaka nashindwa kufunga gauni. Tangu juzi natetemeka kwa baridi wakati wenzangu wanatokwa jasho shambani. Isdori anadhani ni malaria. Mama mkwe anajua, amenikandia kwa maji ya moto, akaapa hatasema.

Na halikuanza Agosti, dada. La kwanza lilinitoka Pasaka. Nilienda duka la dawa hapa sokoni, nikapewa kapsuli nne, nikameza likapasuka. Juni likarudi, nikapewa sita. Mwenye duka hakuuliza, nami sikusema kama nina mimba. Kila likinywea naziweka zilizobaki kwenye kikombe, likirudi nameza. Sikukuambia kwa sababu ungenigombeza, na kwa sababu mama mkwe husema mwanamke anayetoka majipu damu yake ni chafu, mtoto hakai. Baada ya msiba wa mwaka juzi niliogopa hata kulisikia neno hilo.

Sasa fikiri. Nilikuja kwako Agosti na jipu bichi. Nililala kitanda kimoja na wewe siku sita. Nilijifuta kwa lile taulo, ukajifuta na wewe. Watoto wakaanza kutoka vipele Septemba.

Ulipoandika habari ya Kabula nilikaa chini kwenye vumbi pale stendi. Labda si wewe, dada. Labda ni mimi niliyemfuata mtoto wa watu hadi wodini kwa kupitia kwako. Nimeibeba siku kumi na nane, nimeshindwa.

Mtoto leo anacheza kidogo tu.

Coleta


Sumbawanga
18 Novemba 2024

Coleta,

Panda basi la kesho asubuhi, hilihili la Beda. Namanyere isahau. Dawa inayokufaa tunaweza kuijua hapa. Isdori aje nawe. Mwambie ukweli wote kabla hamjaondoka, na kama mama Agnesi atapiga kelele mwache apige. Usimeze kitu chochote kutoka kwenye kile kikombe. Jipu usilikamue, lifunike kwa kitambaa safi kilichochemshwa.

Ukifika, usiseme "nimekuja kujifungua" ukanyamaza. Sema mlangoni: "Nina mimba ya miezi tisa, nina majipu na homa, nimewahi kumeza dawa nusu nusu." Nusu nusu, usione aibu, litamke. Matroni Rhoda anajua habari yako. Atakuweka chumba cha peke yako. Daktari atapasua jipu, na Polikarp atachukua usaha akaoteshe siku hiyohiyo.

Mimi sitaingia. Nitakuwa dirishani pangu. Ukitaka kusema kitu andika, Rhoda atanipa.

Nimemuuliza Polikarp swali lako, bila kukutaja. Akasema haiwezekani kujua nani alimpa nani. Huenda mimi na wewe tulipata kwa mtu wa tatu tusiyemjua, huenda nilivileta nyumbani kutoka wodini nikakupa wewe. Kitu kimoja najua: mabaki ya kapsuli nilikupa mimi, na chuo nilifundishwa kutofanya hivyo. Basi hilo ni langu. Mengine tuyaache kwanza, uokoke.

Njoo.

Scola


Chumba cha pembeni, wodi ya wazazi
1 Desemba, asubuhi

Dada,

Rhoda anasubiri nimalize, kwa hiyo kwa kifupi. Jana ulipotupungia kupitia kioo tulikuwa wazima. Leo nilipombadilisha mtoto nguo nimeviona. Vitatu. Chini ya kitovu, vimejaa maji meupe. Ananyonya lakini analala katikati ya kunyonya.

Ana siku nne. Wa Kabula alikuwa na siku ngapi?

Sitaki kumgusa. Isdori ametoka nje, amesimama anatazama ukuta.

C.


Dirishani
1 Desemba

Coleta,

Siku nne. Sitakudanganya, ni siku zilezile.

Lakini sikiliza kilicho tofauti. Wa Kabula tulimtibu kwa kubahatisha siku tatu. Wako hatubahatishi. Usaha wa jipu lako Polikarp aliuotesha tangu siku ile ulipofika. Vikaratasi vyenye pete safi ni viwili, vilevile. Daktari ameshaambiwa. Polikarp amekimbia na karatasi ya majibu hadi wodini, nimemwona kwa macho yangu, mtu ambaye hata mvua haimkimbizi. Watachukua na damu ya mtoto, wahakikishe. Sindano ya kwanza ataipata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Wakija kumtafuta mshipa, usiangalie. Mnyonyeshe. Maziwa yako hayana neno. Nawa, kausha mikono, mnyonyeshe.

Sijaondoka. Nimemaliza zamu lakini nipo.

S.


Kate
12 Januari 2025

Dada Scola,

Shikamoo. Kasmir ana wiki sita na siku kadhaa. Ndiyo, Isdori ameshikilia jina la baba yake, nimeshindwa. Makovu ya vipele yamefutika, limebaki moja dogo la rangi ya waridi. Amenenepa shingo mpaka haionekani. Zahanati wamempima, wakaniuliza namlisha nini. Mahindi yamefika magotini, na mama mkwe alienda zahanati mwenyewe na mguu wake, akarudi na vidonge vya siku kumi na nne akavimaliza vyote, anajisifu kwa kila mtu.

Kwa hiyo ungesema nina furaha.

Dada, simshiki mtoto wangu. Namnyonyesha tu, kisha nampa bibi yake. Yeye anamwogesha, yeye anambeba mgongoni, mimi nalima. Watu wanadhani nimekuwa hodari. Tulipotoka hospitali Polikarp aliniambia mimi pia ninavyo puani, kama wewe. Nimepaka ile dawa, nimeoga ile sabuni. Nanawa mpaka vidole vimepasuka. Juzi alilia, niko peke yangu nyumbani, nikasimama mlangoni namtazama mpaka bibi yake akarudi kutoka kisimani. Mtoto alikuwa amekauka sauti.

Nilikulaumu kwamba ulimficha Jane mkono. Sasa nakuelewa, na sitaki kukuelewa hivi. Unaishije?

Coleta


Sumbawanga
26 Januari 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Unaniuliza naishije. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa siishi vizuri. Kipimo cha tatu kimetoka: bado vimo. Wodi ya wazazi sirudi mpaka vitoke, na huenda visitoke. Siku nilipopewa majibu niliomba ruhusa ya siku mbili, nikashuka Kaoze.

Sikumwambia mtu. Barabara ya bondeni ni tope tupu, nilipanda lori la mbolea. Nilimkuta Kabula anapalilia mpunga, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Alinitambua kwa mbali. Nilimwambia hapohapo, nimesimama kwenye tuta, kwa sababu niliogopa nikikaa nitanyamaza. Nikamwambia vijidudu vilivyomuua mwanawe ninavyo mimi puani. Sikuvijua, lakini ninavyo, na nilimshika mimi. Na tulimpa dawa isiyofaa siku tatu kwa kutojua.

Alichomeka jembe kwenye tope. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakikuwa kifua changu?"

Sikuelewa. Akanieleza. Alipofika nyumbani bila mtoto, ndugu za mumewe walisema maziwa yake yalikuwa na sumu, kwamba kifafa kile kilimwingia kifuani. Ofisi haikuwaambia kitu. Miezi minne, Coleta, msichana wa miaka kumi na tisa ameamini kwamba alimnyonyesha mwanawe kifo. Mumewe, Kija, hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha tu kumwita jina. Akimtaka anasema "wewe".

Hakunisamehe. Nataka ujue hilo, usije ukadhani mambo yalikuwa mepesi. Alisema, "Ungeniambia siku ile. Ulikuwa umesimama pale pale." Nikasema ndiyo. Akachukua jembe lake. "Twende umwambie na yeye."

Kija alikuwa zizini. Nilirudia yote mbele ya mama yake na kaka zake wawili. Mmoja alisema nishtakiwe, nikamwambia jina langu kamili na kituo changu, akaandika. Kija mwenyewe alitazama ng'ombe muda wote. Nilipomaliza akageuka, akamwambia mkewe, taratibu kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika:

"Mama Masalu, mpe mgeni maji."

Masalu ndilo jina alilokuwa amempa mtoto. Kabula aliingia ndani, akakawia sana. Alipotoka na kikombe macho yalikuwa mekundu. Nilikunywa, nikaondoka. Hatukushikana mikono.

Njiani nilifikiria habari yako ya kusimama mlangoni. Coleta, mimi niliondolewa wodini kwa sababu pale nilikuwa nashika watoto ishirini kwa siku, wote wana vitovu vibichi. Wewe una mtoto mmoja, ana wiki nane, ngozi yake imefunga, na hivyo vijidudu ameshaishi navyo tangu azaliwe. Nimemuuliza Polikarp na daktari, wote wawili, ili usiseme ni huruma ya dada. Nawa kwa sabuni, kausha, jeraha lolote lifunike, kisha mbebe. Kipele kikitokea, au homa, usingoje hata siku moja, na usimwendee mwenye duka. Mpeleke zahanati na ile karatasi ya majibu, iweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Hilo tu. Kasmir amefichwa mama yake vya kutosha.

Najua maneno ya daktari hayatakutosha, kwa sababu hata mimi hayakunitosha. Tangu Oktoba sijamshika mtoto wa mtu yeyote. Hata wewe na Kasmir mlipotoka hospitali niliwaaga nikiwa upande wa pili wa geti.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Mwambie mama Agnesi asimchukue mtoto siku hiyo, hata akilia. Chemsha maji. Nitanawa mbele yako, nitakaa kwenye ule mkeka wa uani, utanipa Kasmir. Nikimpakata kama yai, usinicheke. Nikishamzoea nitakupa wewe, na bibi yake simpi mpaka saa ya kuoga.

Dada yako,
Scola